Barua ya wazi kwa viongozi wa Haut-Katanga: tuandikieni kodi zetu ukutani

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Jimbo la Haut-Katanga,
Kwa Waheshimiwa Wabunge wa Bunge la Jimbo,
Kwa Mheshimiwa Meya wa Jiji la Lubumbashi na wakuu wa komini zake saba,

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka komini ya Katuba, ambako nina depo dogo la unga pamoja na mashine moja ya kusaga mahindi, na ambako mke wangu na wanangu wawili hufanya kazi nami tangu alfajiri hadi giza linapoingia. Sijawahi kuwaandikia kabla ya leo, wala sina chama cha siasa kilichonituma. Nimechukua kalamu kwa sababu ya jambo nililoliona sokoni miezi michache iliyopita, jambo ambalo kwa mtu asiyelipishwa kitu linaweza kuonekana dogo, lakini ambalo kwangu limefungua swali kubwa kuhusu namna Leta, yaani serikali na maofisa wake, inavyoishi na watu wanaojitafutia riziki bila kuiomba chochote.

Mama mmoja, mteja wangu wa miaka mingi, alikuwa ametandika gunia chini na kupanga nyanya zake kwa mafungu ya tano tano, nne chini na moja juu. Ilikuwa saa mbili asubuhi, naye alikuwa hajauza hata fungu moja. Akaja kijana mwenye beji shingoni na kitabu cha tiketi mkononi, akamsalimia kwa heshima, kisha akamwambia maneno ambayo nimeyarudia kichwani mara nyingi tangu siku hiyo: "Mama, ukitaka na karatasi ni franka 1,000, bila karatasi ni 500." Mama akafungua fundo la kitenge chake, akatoa noti ya 500 iliyolainika kama kitambaa, kijana akaitia katika mfuko wa shati lake, akasema asante, akahamia kwa jirani. Kitabu cha tiketi hakikufunguliwa. Kabla ya saa nne walikuwa wamepita wengine wawili, mmoja kwa jina la usafi, ingawa rundo la taka lililokuwa hatua tatu kutoka kwenye nyanya lilibaki pale pale, na mwingine ambaye hadi leo sijaelewa alitoza kwa jina gani.

Hakuna aliyempigia mama huyo kelele, wala hakuna aliyemnyang'anya bidhaa. Mambo yalikwenda kwa upole, na ndiyo maana yalinisumbua. Mama alifanya hesabu yake na kuokoa franka 500. Kijana alipata chakula cha siku. Jirani zao waliona na hawakushangaa. Komini haikupata hata franka moja, na sheria, ambayo ilipaswa kuwa mlinzi wa wote watatu, ilipangiwa bei sokoni kama nyanya, na bei ya kuitii ikawa mara mbili ya bei ya kuivunja. Nchi inayopanga bei zake namna hiyo haiwezi kuwalaumu raia wake kwa kukosa uzalendo wa kulipa kodi.

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba kodi ni wizi, wala sitamani nchi isiyo na Leta. Sisi wa nchi hii tumeona Leta inapotoweka mahali inakuwaje, na hakuna mfanyabiashara mwenye akili anayeliombea hilo. Ninachokiamini ni hiki: mtu mzima anayefanya kazi halali ana haki ya kuuza na kununua bila kuomba ruhusa kwa kila mwenye beji, mali aliyoipata kwa jasho lake ni yake, na Leta, ambayo tunaihitaji kwa mahakama, kwa polisi, kwa barabara na kwa maji, nayo iko chini ya sheria kama sisi tulivyo chini yake. Wasomi huziita fikra hizi za kiliberali, na wapo wanaozitazama kama mzigo ulioshushwa hapa na meli kutoka Ulaya. Lakini Katiba yetu yenyewe, iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006, inasema katika kifungu cha 34 kwamba mali ya mtu binafsi ni takatifu. Katika kifungu cha 35 inamhakikishia kila mmoja haki ya kuanzisha shughuli zake. Na katika kifungu cha 174 inasema kwamba kodi haiwezi kuwekwa isipokuwa kwa sheria. Sikuyatoa maneno haya Ulaya. Nayatoa katika kitabu ambacho kila mmoja wenu aliapa kukiheshimu.

Na orodha ya kodi ipo. Tarehe 13 Machi 2018 ilitiwa saini amri yenye nguvu ya sheria, namba 18/004, inayotaja kodi, haki, ushuru na malipo yote ambayo jimbo pamoja na mamlaka zilizogatuliwa zinaweza kudai. Kisichokuwamo katika orodha hiyo hakidaiwi. Tatizo letu, kwa hiyo, si kwamba nchi haina sheria ya kodi. Tatizo ni kwamba sheria hiyo inaishi katika makabati ya ofisi, na sokoni inaishi nyingine, isiyoandikwa, ambayo hubadilika kulingana na sura ya anayelipishwa, saa ya siku, na kama mwezi unaanza au unakwisha.

Linganisheni na migodi, ambayo sisi wa Katanga tunaijua kama viganja vya mikono yetu. Mwenye kampuni anayetaka kuchimba shaba hapa hufungua Kanuni ya Madini, ile ya 2002 kama ilivyorekebishwa Machi 2018, na kusoma kwamba atalipa mrabaha wa asilimia 3.5 kwa shaba, na asilimia 10 kwa madini yaliyotangazwa kuwa ya kimkakati kama kobalti. Anasoma pia kwamba masharti ya kodi aliyoyakuta hayatabadilishwa dhidi yake kwa miaka 5; katika maandishi ya 2002 ilikuwa miaka 10. Watu wamebishana sana kama viwango hivyo ni vikubwa au vidogo, na mimi sina haja ya kuingia katika ubishi huo. Ninachokitazama ni kwamba mwenye mabilioni amepewa kitabu, amepewa tarakimu, na amepewa ahadi ya miaka. Mama wa nyanya hajapewa hata ahadi ya kutoka asubuhi hadi mchana. Yule mwenye mawakili ndiye aliyeandikiwa haki zake, na huyu asiye na wakili ndiye aliyeachwa azijadili mwenyewe, akiwa ameketi chini, na mtu aliyesimama mbele yake. Ikiwa uhakika wa kodi ni kitu chema kiasi cha kuwavuta watu kutoka Kanada na China, basi ni chema pia kwa mtu wa Katuba, na kumpa hakuhitaji mkutano wa wawekezaji katika hoteli.

Mwaka 1776 Adam Smith, mwanafalsafa wa Scotland, aliandika kwamba kodi ambayo kila mtu anapaswa kulipa ni lazima iwe ya hakika: wakati wa kulipa, namna ya kulipa na kiasi chenyewe viwe wazi kwa mlipaji na kwa kila mtu mwingine. Akaongeza jambo ambalo nadhani wengi hulipita haraka, kwamba kodi isiyo ya usawa, hata kwa kiwango kikubwa, si balaa kubwa kama kodi yenye mashaka hata kidogo. Mimi nilipolisoma nililikataa kwanza, kwa kuwa sisi hapa tunachukia sana upendeleo. Kisha nikaifikiria kazi yangu. Kodi kubwa iliyoandikwa naweza kuitia katika bei ya gunia, naweza kuamua kama nifungue depo la pili au nisifungue, naweza hata kuja kwenu kulalamika na kuwaonyesha karatasi. Kodi isiyoandikwa siwezi kuifanyia hesabu. Nitakachofanya ni kubaki mdogo, kutoweka bango mlangoni, kutonunua mashine ya pili ambayo itaonekana kutoka barabarani. Mtaani kwangu nawafahamu watu wanne ambao wangeweza kuajiri, nao hawaajiri, kwa sababu hiyo tu: wanaogopa kuonekana. Hawa hawatatokea kamwe katika hesabu za jimbo, kwa kuwa biashara ambayo haikuzaliwa haina anayeilia.

Kwa wale wanaosema kwamba uhuru wa kuuza na kununua ni jambo la kigeni, nawaomba tuirudie historia yetu. Mwaka 1885, mkataba wa Berlin uliahidi biashara huru kwa mataifa yote katika bonde la Kongo. Mwaka huo huo Mfalme Léopold wa Pili wa Ubelgiji alitangaza kwamba ardhi zilizoitwa tupu ni mali ya Dola, na kufikia mwaka 1891 alikuwa amewafungia watu wetu biashara ya mpira na pembe za ndovu katika sehemu kubwa ya nchi, ili vitu hivyo vimwendee yeye na maajenti wake. Miaka michache baadaye karani wa kampuni ya meli ya Liverpool, Edmund Dene Morel, alikuwa akienda Antwerp kukagua shehena. Aliona meli zikirudi kutoka Kongo zimejaa mpira na pembe, na zikienda Kongo zikiwa zimebeba bunduki na risasi, huku bidhaa za kubadilishana zikiwa karibu hakuna. Hakuhitaji kufika huku ili aelewe. Mali inayotoka bila malipo kuingia haijanunuliwa. Imechukuliwa kwa nguvu. Mwaka 1904 alishiriki kuanzisha chama cha kudai mageuzi ya Kongo, na mwaka 1908 Léopold alilazimika kuiachia Ubelgiji nchi ambayo alikuwa akiimiliki kama shamba lake. Hoja ya Morel aliirudia miaka yote: Mwafrika ana haki ya kuuza mazao ya ardhi yake, na anayemnyima soko huru anamfanya mtumwa hata kama hajamfunga mnyororo. Babu zetu walilipa kwa mikono yao ili jambo hilo lifahamike. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba kudai uhuru wa soko ni kuiga Wazungu, namjibu kwamba kunyimwa soko ndiko kulikoletwa hapa na Mzungu, kukalindwa kwa bunduki.

Sasa niseme kuhusu unga, kwa kuwa ndio kazi yangu na ndio chakula cha jiji hili. Bukari, yaani ugali wa mahindi, haina mbadala mezani kwetu. Lubumbashi haijilishi mahindi. Sehemu kubwa ya mahindi na bunga (unga) tunayokula hutoka Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa, na kila mara Zambia inapozuia mauzo ya nje, bei ya gunia la kilo 25 inapanda hapa kabla hata lori la mwisho halijapakuliwa. Kila bei inapopanda, tunasikia mambo mawili kutoka kwenu: kwamba bei itawekwa kwa amri, na kwamba lazima tumlinde mkulima wetu dhidi ya bidhaa za jirani.

Kuhusu bei ya amri sitarefusha. Mwenye depo akilazimishwa kuuza chini ya alichonunulia, hataleta gunia jingine, na lililopo litauzwa usiku kwa mlango wa nyuma. Bei iliyopanda ni uchungu, najua, maana mimi ndiye ninayeambiwa "baba, umetuua" na mama anayeshika noti zake akitafakari. Lakini bei hiyo hiyo ndiyo inayomwambia mwenye lori wa Kolwezi au wa Likasi kwamba huku kuna uhitaji, alete. Mkiizima, mmezima taa iliyokuwa ikimwonyesha njia.

Kuhusu kumlinda mkulima wetu nina mengi zaidi. Mwaka jana nilikodi lori kuleta magunia 120 ya mahindi kutoka upande wa Kasenga, kwa sababu nilitaka kununua kwa mtu wetu. Lori lile lilisimamishwa mara tisa. Mahali pengine kizuizi kilikuwa cha chuma na chenye kibanda, na pale walitupa risiti, nami sina neno. Mahali pengine ilikuwa kamba ya nailoni iliyofungwa kwenye mti wa upande huu na kwenye kigingi upande wa pili, na mzee mmoja ameketi kwenye benchi, ambaye alishusha kamba alipopewa pesa na kuipandisha tena kabla vumbi letu halijatulia. Dereva alikuwa ameshajiandaa. Alikuwa na noti zilizokunjwa tayari katika kisanduku cha mbele, moja kwa kila kamba, jinsi mtu anavyopanga vidonge vya wiki. Tulipofika nikafanya hesabu, nikakuta kwamba mahindi ya Kasenga yaliyolimwa na Mkatanga yamenigharimu zaidi ya yale yaliyovuka mpaka wa nchi mbili. Tunataka kumlinda mkulima wetu dhidi ya Mzambia, huku tumemjengea mipaka tisa ndani ya nchi yake mwenyewe. Ondoeni kamba zile, na mtakuwa mmempa ulinzi mkubwa kuliko katazo lolote la kuagiza kutoka nje, bila kutumia franka moja ya hazina.

Makatazo tumeshayaona yanavyokwenda. Mwaka 2024 nchi yetu ilikataza kuingiza vinywaji baridi na bia kutoka Zambia. Mnamo Agosti Zambia ikafunga mipaka yake ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania, na kwa siku chache malori ya shaba, ya mafuta na ya unga yakasimama pamoja kwa ajili ya soda. Waingereza nao walikuwa na sheria za nafaka tangu mwaka 1815, zilizozuia ngano ya nje ili wenye mashamba makubwa wapate bei nzuri, na mfanyakazi wa kiwandani ndiye aliyezilipia kwa kila kipande cha mkate. Watu wa Manchester, akina Richard Cobden na John Bright, walihubiri dhidi yake kwa miaka mingi hadi Robert Peel alipozifuta mwaka 1846, wakati njaa ilikuwa tayari imeingia Ireland. Naomba sisi tusingoje njaa ndipo tuelewe nani hulipa gharama ya mpaka uliofungwa.

Na mpaka wenyewe una sheria yake. Amri ya tarehe 28 Machi 2002, namba 036, inataja huduma nne tu zinazoruhusiwa kufanya kazi mipakani: forodha, uhamiaji, ofisi ya OCC inayokagua bidhaa, na usafi na afya ya mipakani. Nne. Serikali ya Kinshasa imeikumbusha amri hiyo zaidi ya mara moja, na kukumbusha mara nyingi ni ushahidi kwamba haifuatwi. Tangu mwaka 2022 tumo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na tulikuwa tayari katika SADC na COMESA, jumuiya za kusini na za mashariki na kusini mwa Afrika. Tunatia saini mikataba ya soko huru na nchi za mbali, na mama anayevuka Kasumbalesa na ndoo ya mafuta ya kupikia bado hajui atakutana na meza ngapi.

Najua mtakachonijibu, na ni jibu lenye uzito: jimbo halina pesa. Katiba, katika kifungu cha 175, inasema kwamba asilimia 40 ya mapato ya kitaifa ni ya majimbo na inakatwa pale pale yanapokusanywa, na miaka yote majimbo yamelalamika kwamba hayapewi haki hiyo. Hapo nipo upande wenu kabisa, na mkiandika barua ya kudai asilimia hizo nitaitia saini. Lakini deni la Kinshasa halilipwi na mwenye nyanya. Tena tangu 2018 Kanuni ya Madini inaelekeza asilimia 25 ya mrabaha kwa jimbo mgodi ulipo na asilimia 15 kwa mamlaka za mahali, yaani komini, sekta na uchifu, na malipo hayo hayapiti Kinshasa kwanza. Jimbo lenye mlango wa aina hiyo lisijenge hazina yake juu ya noti za 500, hasa noti ambazo, kama nilivyoona kwa macho yangu, haziingii hazina.

Wapo pia watakaosema kwamba uhuru ninaoudai utawafaidi wageni, Walebanoni, Wahindi na Wachina, wenye mitaji, na kwamba Leta lazima imkabidhi mwenyeji biashara kwa mkono wake. Jambo hilo lilijaribiwa. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka, mashamba na biashara za wageni zitapewa Wazaire, yaani raia wa nchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati ule. Waliopewa hawakuwa wale waliojua kuuza. Walikuwa wale waliojulikana na wakubwa. Waliuza kilichokuwa rafuni, hawakuagiza kingine, na kufikia mwaka 1976 serikali ile ile ilikuwa ikiwaita wageni wale warudi wachukue mali zao. Wazee wa komini za Kamalondo na Kenya, hapa jijini, wanakumbuka rafu tupu. Somo ninalolichukua hapo linamhusu mwenyeji zaidi ya mgeni: siku Leta ilipojipa uwezo wa kuchukua duka la Mgiriki kwa amri, ilijipa pia uwezo wa kuchukua depo langu, na tangu wakati ule hakuna mfanyabiashara wa nchi hii anayelala akiwa na hakika kwamba kesho ni yake. Mwenyeji mdogo ndiye anayehitaji sheria imara kuliko wote, kwa kuwa mgeni mwenye mtaji anaweza kuondoka.

Neno moja juu ya yule kijana wa tiketi, maana sitaki barua hii imfukuzishe kazi. Nilizungumza naye baadaye, chini ya kivuli cha mwembe, na aliniambia kwamba hajawahi kupata mshahara. Alipewa beji, akapewa kitabu, akaambiwa kiasi cha kurudisha kwa siku, na kinachozidi ni chake. Ana watoto watatu. Tuna msemo kwamba mbuzi hula pale alipofungwa, na tunausema kama kwamba ni desturi ya mbuzi. Lakini kuna mkono uliomfunga pale bila kumpa majani. Mtumishi asiyelipwa hawezi kuwa mtumishi wa sheria hata akiwa na moyo mwema, na heri muwe na watoza kodi 50 wenye mishahara kuliko 500 wanaojilipa wenyewe. Matabishi na madesu ya bana, yaani hongo ndogo ndogo, havitakwisha kwa mahubiri wakati bajeti ya ofisi imevihesabu kimya kimya kama mshahara.

Ninachoomba, basi, ni kidogo na hakihitaji mfadhili. Naomba kwenye mlango wa kila soko la jiji, katika kila kituo cha magari na katika kila kizuizi halali cha barabarani, pawekwe ubao unaotaja kila malipo yanayodaiwa mahali pale, kiasi chake kwa franka, idara inayohusika, na kifungu cha sheria kinachoyaruhusu, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, kwa maandishi ambayo mama aliyeishia darasa la nne anaweza kuyasoma. Naomba itangazwe redioni, na ninyi wenyewe, kwamba kutolipa mahali pasipo na risiti si kosa, ili anayedai karatasi asionekane mkaidi. Naomba mtoza awe mmoja kwa siku, kwa malipo yote ya soko, na mgawanyo ufanyike ofisini baina ya idara zenyewe. Naomba kamba za njia za mashambani zikatwe, kila moja isiyo na karatasi iliyosainiwa na mamlaka inayotambulika. Na kwenu, Waheshimiwa Wabunge, naomba kodi yoyote mpya ipite mbele yenu kwa kura, isianze katikati ya mwaka, na isomwe hadharani kabla ya kutozwa. Kazi hiyo ni yenu, na mkiiacha mikononi mwa waraka wa ofisi mnakuwa mmeacha ufunguo wa nyumba yetu mlangoni.

Anzeni na soko moja tu kama mnataka kujaribu. Hesabuni kilichoingia hazina mwezi kabla ya ubao na mwezi baada yake, mtangaze tarakimu zote mbili, hata kama zitanionyesha kwamba nimekosea. Kwa soko la mtaani kwangu nimeshaongea na seremala: mbao mbili za mita moja na nusu, rangi nyeupe ya chini na nyeusi ya maandishi, kofia ndogo ya bati juu kwa ajili ya mvua za Desemba. Gharama hiyo nitaitoa mimi, na mwanangu mkubwa, ambaye ana mwandiko mzuri, yuko tayari kuandika. Tunangoja kutoka kwenu karatasi yenye tarakimu za kunakili.

Kwa heshima zote,

Mwenye depo la unga, Katuba, Lubumbashi